Upande wa Kwanza, Wimbo wa Kwanza

Lodwar
6 Juni 1977

Mpendwa Mjomba Ebei,

Ejok na salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba na mifugo yote. Sisi huku tuko salama. Mama anakusalimu sana. Goti lake limetulia tangu nimkataze kubeba maji. Kazi hiyo sasa ni yangu kabla ya kwenda ofisini. Mbuzi wake wawili wamezaa mapacha wiki moja, na siku hizi dada yako anatembea sokoni kama mwenye ng'ombe mia.

Sasa jambo lililonifanya niketi kwenye mashine ya chapa ya ofisi saa ya chakula. Santuri yetu itatoka, Mjomba. Si santuri ndogo ya nyimbo mbili kama ile tuliyokuletea, bali santuri kubwa, nyimbo tisa, ile tuliyoanza kuahidi watu mwaka wa 1971. Unajua nilivyoaibika kwa ajili yake. Hata muuza tumbaku huniuliza, "Akeno, iko wapi?" Mwanzo stima ya jenereta iliunguza kinanda. Kisha wenye studio wawili wa Nairobi walituambia hakuna mtu atakayenunua muziki unaovuma kama mzinga wa nyuki. Sasa tumempata Bwana Wainaina, mwenye studio yake ndogo, naye ameupenda huo mvumo.

Kundi la Stima Lodwar bado ni sisi watatu. Mimi naimba na kupiga kinanda cha umeme, Gitau wa ofisi ya kilimo anapiga gitaa la besi, na Opondo, fundi wa redio, ana masanduku yake ya kutoa sauti aliyoyaunda kwa vipuri vya redio zilizokufa. Safari hii ameongeza mashine inayopiga ngoma yenyewe bila mkono wa mtu.

Ombi langu ni hili. Nataka wimbo wa kwanza, upande wa kwanza, uwe wimbo wako wa maksai Longor. Ulipokuwa mkalimani hapa Lodwar uliuimba uani kwetu, mikono juu kama pembe, na mimi msichana mdogo nilikuwa nikimwona yule maksai amesimama pale, rangi ya vumbi, ingawa hakuwepo. Opondo amepata sauti ya kengele ya shingoni kutoka kwenye waya na betri. Ukiisikia utageuka kutafuta ng'ombe. Nipe ruhusa yako.

Mimi mpwa wako nisiyekusahau,
Akeno

---

Kakuma
2 Julai 1977

Kwa mpwa wangu Akeno,

Salamu zako nimezipokea na nimezigawa kama ulivyoagiza. Sisi tu wazima. Mvua imetupita, imeenda kunyesha kwa wenye bahati. Kijana wangu wa pili amehamisha ng'ombe kuelekea Oropoi. Mwambie dada yangu Atabo afurahie mapacha wake lakini asiwasifu mbele za watu.

Barua yako ya mashine inasomeka vizuri. Mimi naandika kwa mkono kama nilivyofundishwa jeshini, na herufi zangu bado zimesimama wima.

Nafurahi kuhusu santuri. Kuhusu Longor, jibu ni hapana. Wimbo wa maksai si wa kinanda. Mwanamume huuimba ng'ombe wake akiwa mbele yake, au akiwa moyoni mwake, na ukiisha umeisha. Hauwekwi dukani karibu na sabuni. Ukitaka nyimbo za harusi nitakupa kumi, na za kuombea mvua nyingine kumi. Huo acha.

Wala usimsumbue mama yako kwa jambo hili. Hajui mambo ya ng'ombe.

Ni mimi mjomba wako,
Ebei Lokorio

---

Lodwar
20 Julai 1977

Mpendwa Mjomba,

Ejok tena. Sote wazima. Mama amepata mashuka kutoka kwa binamu wa Katilu, pamoja na gunia la mahindi, na habari kwamba maji ya Turkwel yanafika mashambani bila matata.

Mjomba, nimekusikia, lakini sijakubali. Wewe ulinifundisha kwamba mkalimani mzuri habadilishi maneno, anayavusha tu. Mimi nafanya hivyo hivyo. Maneno ni yako, nayavusha hadi kwa watu ambao hawatafika Kakuma maisha yao yote. Wako vijana Kitale na Nairobi wanaodhani Turkana ni ramani tupu yenye ziwa. Nawataka waweke sindano juu ya santuri, na kitu cha kwanza wakisikie ni Longor akitoka zizini.

Nilimsumbua mama. Samahani. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Muulize mjomba wako kwa nini tangu ahamie Kakuma hajauimba hata siku moja."

Basi nauliza.

Mpwa wako,
Akeno

---

Kakuma
1 Septemba 1977

Kwa Akeno,

Hujambo. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako aliumwa na jino, likang'olewa misheni, sasa anakula vizuri. Ngamia mmoja amepotea, mwingine amepatikana ambaye si wetu, tunaendelea kuuliza.

Kuhusu santuri nilishajibu.

Msalimie mama yako na umwambie ana mdomo mrefu.

Ebei Lokorio

---

Lodwar
25 Septemba 1977

Mpendwa Mjomba Ebei,

Salamu kutoka kwa wote. Habari za nyumbani ni nzuri na nitazieleza siku nyingine, kwa sababu leo nikianza na mbuzi nitaishia kwenye mbuzi.

Nilikuficha jambo. Nilipokuandikia mwezi wa sita kukuomba ruhusa, wimbo ulikuwa umekwisha kunaswa. Tuliurekodi Nairobi mwezi wa tano, siku ya pili studioni, na ndio wimbo uliomfanya Wainaina akubali santuri nzima. Nilikuwa na hakika ungesema ndiyo. Sikufikiri kabisa kwamba kuna hapana. Niliwaza utafurahi, na ruhusa ingekuwa maneno tu ya heshima.

Na karatasi ya duara inayobandikwa katikati ya santuri imeshachapwa. Imeandikwa, "Longor. Umetungwa na Ebei Lokorio." Nilitaka uione ghafla ukiwa umeishika mkononi.

Santuri zitaanza kukandwa kiwandani baada ya Krismasi. Nimekukosea kwa kutokuuliza mapema, hilo nalikubali. Lakini wimbo ni mzuri, Mjomba. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na siwezi kujifanya nauonea aibu.

Akeno

---

Lodwar
30 Novemba 1977

Mjomba,

Sijapata neno lako kwa miezi miwili. Wanasema mto Tarach umefurika na barabara imekatika, malori yamelala upande huu siku tisa. Nataka kuamini ni maji yanayokuzuia.

Wainaina anataka jibu. Kama hakuna barua hadi mwaka mpya, nitachukua kimya chako kuwa ruhusa.

Mama anakusalimu. Ananikataza kuandika hayo ya hapo juu, lakini nimeyaandika.

Akeno

---

Kakuma
11 Desemba 1977

Kwa mpwa wangu Akeno,

Nakusalimu, na mama yako, na wenzako Opondo na Gitau. Barua hii anakuletea mkononi dereva wa misheni, maana posta haijafungua njia. Maji yalikuwa mengi kweli. Lakini si maji yaliyonizuia.

Wimbo wa Longor si wangu.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye karatasi nne na kuzichana. Hii ni ya tano, nayo sitaichana.

Aliyeutunga ni Nanok, mwanamume wa rika langu, tuliyechunga naye tangu tukiwa uchi. Mwaka wa 1940 mimi nilichukuliwa jeshini. Wenzangu walibaki wakichagua maksai wao, wakiwapinda pembe, wakiwatungia. Mimi nilikuwa Burma nikijifunza kukunja blanketi. Niliporudi nilikuwa na buti, nishani na Kiswahili, lakini sikuwa na maksai wala wimbo. Kwenye ngoma, ilipofika zamu ya mwanamume kusimama na kumwimba ng'ombe wake, mimi nilikuwa natoka kwenda kukojoa. Nanok alijua. Akawa ananiita niitikie wake, nisibaki nje peke yangu. Hivyo ndivyo nilivyoujua.

Nanok alikufa kwa homa mwaka wa 1949, siku nne tu. Mwaka uliofuata nikapelekwa Lodwar kuwa mkalimani. Kwenye harusi ya kwanza huko, watu wasionijua waliniambia, "Mgeni, simama, tumjue ng'ombe wako." Nikasimama. Nikainua mikono. Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa Longor. Walipiga makofi mpaka vumbi likapanda, na kuanzia siku hiyo wakaniita Apalongor, baba wa Longor. Ningeweza kukanusha jioni ile ile. Sikukanusha. Jina ukishaliitikia mara mbili linakuwa nguo yako.

Niliuimba miaka ishirini. Mama yako alijua, maana alimjua Nanok, na hakuniaibisha.

Umeuliza kwa nini siuimbi Kakuma. Mjane wake, Awoi, anakaa ng'ambo ya Tarach. Tunakutana kwenye kisima. Ananisalimu kwa heshima kama rafiki wa mumewe. Ana mwana mmoja, Lotiir, aliyekuwa tumboni baba yake alipokufa. Hakuna hata mmoja wao anayejua.

Sasa jina langu limechapwa kwenye kazi ya Nanok, na wewe ndiye utakayeonekana mwongo kwa ajili yangu. Fanya utakavyoona ni sawa. Sitakulaumu.

Ebei

---

Lodwar
14 Januari 1978

Mpendwa Mjomba,

Ejok. Mama ni mzima, na amesema nikuambie hana neno la kuongeza.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na saba Desemba. Niliisoma mara mbili, nikaomba likizo, nikapanda lori la Kitale, kutoka huko nikashika basi la Nairobi. Sikukasirika njiani. Niliwaza kwamba sisi wawili tumefanya jambo moja: wewe ulichukua wimbo bila kumuuliza mwenyewe, na mimi nikafanya vivyo hivyo, tena kwa haraka zaidi yako.

Wainaina alikuwa akinywa chai. Nilimwambia asikande santuri.

Akasema, "Karatasi zimeshachapwa."

Nikasema, "Zitachapwa nyingine."

"Akeno, mmesubiri miaka sita. Kiwanda kina foleni. Nikiitoa santuri yenu leo, sijui itarudi lini. Jina ni jina tu. Nani Nairobi anamjua huyo mzee wa kwanza au huyo wa pili?"

"Kakuma wanamjua."

"Kakuma kuna gramafoni ngapi?"

"Sijui. Lakini kuna mjane mmoja."

Aliweka kikombe chini. Kisha akapiga simu kiwandani mbele yangu, na tukatoka kwenye foleni.

Opondo hakusema nami siku tatu. Usinione jasiri sana. Siku ya pili nililia nyuma ya duka lake. Siku ya tatu alikuja nyumbani na kuuliza, "Huyo Nanok ana watoto?" Nikamwambia yuko mmoja. Akasema, "Basi ngojeni," akarudi kazini. Gitau alisema tu kwamba muuza tumbaku atatuua.

Sasa upande wako. Nenda kwa mama Awoi. Ningeweza kuja mwenyewe, lakini sitafika mlangoni kwake kabla yako. Akisema wimbo utoke kwenye santuri, utatoka, nitaweka mwingine na nitauimba vizuri. Mwambie hivyo. Usimbembeleze kwa ajili yangu.

Mpwa wako anayekuheshimu leo sawa na jana,
Akeno

---

Kakuma
5 Februari 1978

Kwa mpwa wangu Akeno,

Salamu nyingi. Nyumbani tuko salama, maji yamepungua, nyasi zimeota mahali ambapo sikuwahi kuona nyasi.

Nilikwenda. Nilivaa shuka safi, nikachukua beberu mkubwa, nikavuka Tarach asubuhi. Awoi alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa. Alimtazama yule mbuzi kabla ya kunitazama mimi.

"Huyu ni wa nini?"

Nikamwambia yote, nimesimama, kama mtu anayetoa ushahidi. Hakuacha kusugua. Nilipomaliza, alikigeuza kibuyu akatazama ndani yake.

"Nilidhani wimbo ulizikwa naye," akasema. "Lotiir alipochagua maksai wake aliniuliza baba yake aliimba nini. Nilimwambia wanaume walioitikia wamekufa au wametawanyika, na mimi nakumbuka kipande tu. Amekua hivyo. Na wewe ulikuwa nao Lodwar, miaka ishirini, unawachezea wageni."

Nilikuwa nimeogopa ataniita mwizi wa wimbo wa mumewe. Sikuwahi kufikiri kwamba niliyemnyima ni mtoto.

Akamwita Lotiir kutoka zizini. Ni mwanamume wa miaka ishirini na minane, mrefu, ana mabega ya baba yake. Awoi akaniambia, "Simama katikati. Imba."

Niliimba, jua likiwa juu, bila ngoma, bila mtu wa kuitikia. Sauti yangu ilikatika mara mbili. Kufikia kifungu cha tatu Lotiir alikuwa ameinua mikono, na hakuiinua kama yangu. Aliikunja mbele, pembe za ng'ombe wake mwenyewe, na akaanza kuitikia mahali panapostahili ingawa hakuna aliyemwonyesha. Nilipofika pale Longor anapokunywa maji na kuinua kichwa, nikashusha mikono.

"Endelea," Awoi akasema.

"Umekwisha."

"Haujaisha. Huo ni mwisho wenu wa ngomani. Mwisho wenyewe aliuimba nyumbani."

Akaweka kibuyu chini, akauimba akiwa ameketi. Longor anapotea. Nanok anamtafuta siku mbili, hamwoni, na anayezitambua nyayo ni mkewe, anamfuata hadi kwenye mti wa mgunga na kumrudisha. Huyo mke ni yeye. Miaka yote hiyo niliimba wimbo wa mtu bila kujua mke wake alikuwamo.

Kisha akanipa jibu lako, nami nalivusha kama lilivyo: "Mwambie huyo msichana auimbe wote au asiuimbe kabisa. Akiutaka wote, aje achukue kwangu."

Mbuzi alimchukua. Lotiir alinisindikiza hadi mtoni.

Mjomba wako,
Ebei

---

Lodwar
22 Aprili 1978

Mpendwa Mjomba,

Nimerudi Lodwar salama, na mama ameshaniuliza yote mara tatu. Asante kwa siku sita zile za Kakuma. Msalimie mkaza mjomba na umwambie samaki wakavu wako njiani.

Uliona mwenyewe mama Awoi alivyonifundisha. Kila nilipopamba sauti alinigonga goti kwa kijiti na kusema, "Mtu anayetafuta ng'ombe hana nafasi ya kujipendekeza." Nilikwenda na kijiti hicho akilini hadi Nairobi.

Tulijaribu kuunganisha kifungu kipya na kanda ya zamani. Haikukubali. Sauti yangu ya mwaka jana ilikuwa ya mtu anayejisifu, na ya sasa ni nyingine. Basi tukaufuta wote na kuanza upya. Wainaina alishika kichwa lakini hakutufukuza.

Opondo ndiye aliyeniokoa. Tulipofika kwenye kifungu cha nyayo, mashine yake ya ngoma ikawa inaharibu kila kitu. Ilikuwa inamkimbiza yule mama. Ameitengeneza miaka miwili, anaipenda kama mtoto. Akanyoosha mkono akaizima. Akasema, "Afuataye nyayo hapigiwi makofi." Ikabaki sauti yangu na mvumo mmoja mwembamba wa sanduku lake, kama upepo chini ya mlango, na ile kengele inayosikika mbali, kisha karibu kidogo, kisha hapo. Tulipomaliza Gitau alikuwa amekaa sakafuni.

Sasa naweza kukuambia: mwaka jana tulikuwa na santuri nzuri. Mwaka huu tuna santuri yenyewe. Kiwanda kimetupa mwezi wa saba.

Mpwa wako,
Akeno

---

Kakuma
6 Agosti 1978

Kwa mpwa wangu Akeno,

Nakusalimu na nakupongeza. Ng'ombe wamerudi kutoka Oropoi wakiwa wanene. Mkaza mjomba wako amemaliza samaki wako peke yake na anasema hakuwaona.

Santuri nne ulizotuma zimefika bila kuvunjika. Mwalimu Jerusha wa shule ya msingi ana gramafoni ya betri, akaileta kwa Awoi Jumamosi mchana baada ya kuosha nguo. Walikuja watu zaidi ya sitini. Wengine walikuja kwa ajili yako, wengine kuona kama sahani inaweza kuimba.

Mwalimu alisoma karatasi ya katikati kwa sauti: "Longor. Umetungwa na Nanok. Kifungu cha mwisho kimetunzwa na Awoi." Lotiir akaomba aonyeshwe ni wapi pameandikwa jina la baba yake. Akaweka kidole hapo, akakishikilia mpaka mwalimu akamwambia kwa upole kwamba sahani lazima izunguke.

Ilipopigwa ile kengele, wazee watatu waligeuka kutazama zizi. Opondo aambiwe.

Awoi alisikiliza mikono yake ikiwa magotini. Wimbo ulipoisha watu wote walimtazama yeye, wakingoja alie. Hakulia. Alimwambia mwalimu, "Usitoe. Kuna nyimbo nyingine nane. Nataka kujua Nanok amekaa na akina nani." Tukasikiliza pande zote mbili, na wimbo wa saba, ule wa vumbi la lori, aliomba urudiwe.

Watu wameacha kuniita Apalongor. Niliwaambia mwenyewe, barazani, mbele ya chifu, na kwa kuwa ilikuwa kazi yangu niliwatafsiria polisi pia. Wengine walicheka. Nimecheka nao. Mtu wa karibu miaka sitini akivuliwa nguo isiyo yake, anasikia baridi siku chache tu.

Jambo la mwisho. Katika ng'ombe waliorudi yuko maksai mmoja mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, pembe moja imeinama mbele na nyingine nyuma, kama mtu asiyejua njia ipi ya kwenda. Hakuna aliyemchagua. Nimemchagua mimi. Kila asubuhi naenda naye hadi mtoni na kurudi. Nina mistari miwili, nayo ni mibaya, na wa tatu unanisumbua tangu Jumatano. Usije na mashine zako mpaka nikuite.

Mjomba wako,
Ebei